Nimetoka kwenye kontrola nimeingia kwenye usukani, na kilichonishinda kwanza ni breki

Kwa miaka kama kumi na tano magari yote ya kwenye gemu nimeyaendesha kwa kidole gumba cha kushoto. Nilianzia kwenye kibanda cha PS2 mtaani kwetu Tandika, enzi hizo ni Gran Turismo 4 na Need for Speed, unalipia kwa dakika, mwenye kibanda amekaa mlangoni na saa yake, kwa hiyo muda wa kujifunza huna, we unakanyaga mafuta tu mpaka ukutane na ukuta halafu unampisha mwenzio. Baadaye nikapata kompyuta yangu nikaweka Assetto Corsa, gemu ya Waitaliano wa Kunos, imetoka 2014, ya zamani kidogo ila haihitaji kompyuta ya mamilioni na magari yake yanaendeshwa kama magari kweli. Nikachomeka kontrola ya PS4 kwa waya na maisha yakaendelea.

Na nilikuwa mkali, nasema ukweli. Nilikuwa na traki yangu moja, Brands Hatch ile fupi wanayoiita Indy, ipo Kent huko Uingereza, haifiki hata kilomita mbili, unaizunguka kwa dakika moja hivi ukiwa na gari la kawaida. Gari langu Toyota GT86. Kwa kontrola nilikuwa napiga dakika 1 na nukta chache, mizunguko kumi mfululizo bila kutoka nje, na washkaji wakija geto hakuna aliyenigusa. Nikaamini kabisa kwamba najua kuendesha hii kitu.

Mwaka jana mwezi wa tisa jamaa mmoja anayehama akawa anauza usukani wake wa gemu, Logitech G29, used, na pedeli zake, pamoja na ile gia ya pembeni ya kushika kwa mkono, vyote laki sita. Nilikuwa nadunduliza hela ya simu. Simu ikasubiri.

Kitu ambacho sikukifikiria ni pa kuuweka. Usukani una klampu zake mbili chini, unazikaza kwenye meza, na meza yangu ya mninga ilikubali vizuri tu, tatizo ni pedeli. Sakafu ni vigae. Ukikanyaga breki kwa nguvu pedeli zote tatu zinakimbilia ukutani, na kama umekalia kiti cha ofisi chenye vigurudumu basi pedeli zinaenda mbele wewe unarudi nyuma, mnaachana katikati ya kona. Nikaweka kipande cha ubao kati ya pedeli na ukuta, nikabadilisha kiti nikaleta cha plastiki, kile cheupe cha kwenye misiba na harusi, kikawa kinapinda mgongo kila nikifunga breki. Wiki mbili za kwanza nimeendesha hivyo.

Siku ya kwanza nimewasha, usukani ukazunguka wenyewe kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ukarudi katikati ukatulia. Unajipima tu, kila ukiuchomeka unafanya hivyo. Nikaingia Brands Hatch na GT86 yangu ileile, setingi zilezile, traki ninayoijua kama njia ya kwenda dukani. Mzunguko wa kwanza sikuumaliza. Wa pili sikuumaliza. Nilipofanikiwa kumaliza nilikuwa na dakika 1 na sekunde 5, yaani sekunde tano nzima nyuma ya mimi mwenyewe wa jana yake, na kwenye traki fupi kama ile sekunde tano ni umri wa mtu.

Nikakaa nikajiuliza, hivi mi nilikuwa nafanya nini miaka yote?

Jibu lilikuwepo kwenye setingi za kontrola na sikuwahi kuzifungua. Angalia, kile kistiki cha kontrola kinatembea labda sentimita moja kila upande. Usukani wa G29 unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Sasa ukichukua ile sentimita moja ukaibandika moja kwa moja kwenye tairi za gari linaloenda kilomita 160 kwa saa, ukigusa tu gari limepinduka, kwa hiyo gemu lazima iingilie kati. Inakulainishia: unasukuma stiki ghafla, yenyewe inakunja tairi polepole, na kadiri spidi inavyopanda ndivyo inavyokupunguzia kiasi cha kukunja. Kwenye Assetto Corsa hizo zote ni namba ambazo unaweza kuzisogeza. Siilaumu kontrola, bila huo msaada isingewezekana kabisa kucheza, ila sikujua kama kuna mtu wa tatu kati yangu na gari. Nilikuwa naomba kona, gemu inanikatia kona. Na usukani ukishauchomeka yule mtu anashuka, mnabaki wawili.

Ila sasa mikono nilizoea haraka kuliko nilivyotarajia. Siku nne, tano, nikawa nanyooka. Kilichonitesa ni mguu.

Breki ya kontrola ni kitufe cha L2, unakibonyeza kwa kidole, na kwa sababu ABS imewashwa, yaani ule mfumo unaozuia tairi zisifunge zikaacha kuzunguka ukikanyaga breki, unakibonyeza chote mpaka mwisho halafu unaachia ukifika kwenye kona. Breki kwangu ilikuwa ipo au haipo. Pedeli ya breki ya G29 ni habari nyingine, ndani ya springi yake wameweka kipande cha raba kigumu, nusu ya kwanza inashuka vizuri halafu inagoma, hapo unatakiwa usukume kwa paja siyo kwa kidole cha mguu. Mi nilikuwa naigusa kama naogopa kuivunja, gari halisimami, napita kona moja kwa moja mpaka kwenye mchanga. Nikakasirika nikaanza kuikanyaga yote, linasimama katikati ya barabara mita thelathini kabla ya kona. Nikazima ABS ili nijifunze kweli, tairi zikawa zinafunga, na tairi ikishafunga hata ukate usukani wote gari inaenda ilikokuwa inaenda.

Wiki nzima nimeifanyia mazoezi kona moja tu, inaitwa Paddock Hill. Ni ya kwanza ukitoka kwenye mstari, inakunja kulia, na ubaya wake ni kwamba unafunga breki ukiwa juu ya kilima, huoni kona inaishia wapi, halafu ukishaanza kukunja ardhi inadondoka chini yako kama umeruka ngazi. Ukiachia breki kwa mkupuo pale juu, pua ya gari inanyanyuka, tairi za mbele zinakosa uzito, gari inagoma kukunja, unaishia nje kushoto. Ukiendelea kukanyaga mpaka ndani sana, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unakuja kukusalimia dirishani. Kinachotakiwa ni kukanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, halafu unapoanza kuzungusha usukani unaanza na kuachia breki, kidogo kidogo, yaani mkono unaingia mguu unatoka, kwa pamoja, kama watu wawili wanapishana mlangoni. Nimeliandika hapa kwa mstari mmoja ila lilinichukua jioni saba na visigino viwili vya soksi.

Jioni ya sita hivi ndo nikapata kitu ambacho nadhani ndicho watu wanachokifuata kwenye usukani na hawawezi kukuelezea. Nimefika juu pale Paddock, nimefunga breki, nimeanza kuachia, nimekunja, gari imeanza kushuka, na usukani ambao muda wote unanivuta mkono kwa nguvu ukalegea. Kidogo sana, kama kamba ya mbuzi akiacha kuvuta. Sijaona chochote kwenye skrini, wala sijasikia tairi zikilia, ila mikono ilishajua kwamba za mbele zinakaribia kuachia, nikarudisha usukani labda upana wa kidole, uzito ukarudi, nikatoka kwenye kona nimenyooka.

Baadaye nikaelewa inavyokuwa. Gari la kweli ukikunja kona barabara inazisukuma tairi za mbele zirudi kunyooka, ndo maana ukitoka kwenye kona ukiulegeza usukani unarudi wenyewe katikati. Tairi ikikaribia mwisho wa mshiko wake ile nguvu ya kurudisha inaanza kupungua kabla haijaachia kabisa, kwa hiyo mkono unapata taarifa mapema, jicho linapata ikiwa imeshachelewa. Gemu inaipiga hiyo hesabu muda wote inaipeleka kwenye mota mbili ndogo zilizomo ndani ya G29, na hizo ndo zinazokuvuta. Kontrola ina kutetemeka tu. Kutetemeka kunakwambia kuna kitu kimetokea, ila kwamba ni tairi ipi, upande gani na kiasi gani, hapo haifiki.

Na kama umenunua usukani leo nisikilize hapa, usipandishe nguvu mpaka mwisho. Mi nilipandisha, nikidhani ukiwa mgumu ndo uhalisia, kumbe naua kila kitu. Mota ina mwisho wake, ikishafika mwisho haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya kona nzito na kona nzito zaidi, zote zinakuwa ukuta. Kwenye Assetto Corsa kuna kadirisha kadogo ka pedeli unaweza kukaweka pembeni ya skrini, kana mistari ya klachi, breki, mafuta, na wa nne ni wa nguvu ya usukani. Ukiona huo wa nne unakuwa mwekundu kwenye kila kona punguza, punguza mpaka uwe mwekundu mara chache tu ukipanda kingo. Usukani utauona mwepesi mwanzoni, ila utaanza kuongea.

Sasa ngoja nije kwa mzee.

Baba yangu ameendesha malori maisha yake yote, Dar–Tunduma, Dar–Lubumbashi, alistaafu 2016, na toka macho yaanze kumsumbua usiku hajashika gari tena. Gemu zangu hakuwahi kuzipenda wala kuzichukia, alikuwa anapita tu. Niliwahi kumpa kontrola siku moja ajaribu akaishika kama ameshika mdudu, gari ikazunguka palepale, akanirudishia akasema, "Hiki kitu chenu mwanangu hakina gari ndani."

Jumapili moja akanikuta nipo Brands Hatch, nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, vidole gumba nimevipitisha ndani ya vyuma vya katikati. Akasimama nyuma yangu muda. Nikajisikia kama nafanya mtihani. Akasema, "Toa vidole humo ndani. Ukipiga shimo usukani unarudi, unaondoka na kidole." Na kweli wiki ile ile ulikuwa umenipiga gumba nilipogonga ukuta, nilikuwa sijamwambia. Halafu akasema, "Na usiukabe. Umeushika kama unamkaba mwizi, utausikiaje?"

Nikamwambia mzee kaa wewe.

Sikumpa GT86. Nilikuwa na Euro Truck Simulator 2 kwenye kompyuta, ya SCS Software wa Czech, imetoka 2012, kazi yake ni kubeba mizigo kwa malori Ulaya nzima, kwenye ramani iliyofinywa ili safari ya siku iwe ya saa moja hivi. Nikamchagulia Scania, na kwa kuwa Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi nikamuanzishia Southampton mzigo uende Manchester, nikabadilisha na kabini usukani ukae kulia. Halafu nikakumbuka gia. Ile gia ya pembeni nilikuwa nimeifunga kulia kwa usukani kama nilivyoona kwenye picha zote za wenzetu, na mi mwenyewe nilikuwa nahangaika nayo bila kujua kwa nini, kumbe huku kwetu dereva anakaa kulia, gia ipo mkono wa kushoto. Mzee ndo aliyeliona. Alikaa, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta gia, ukakuta hewa. Akaniangalia. Nikafungua nati nikaihamishia kushoto na haijatoka hapo mpaka leo, na makosa yangu ya kuingiza gia yakaisha karibu yote siku hiyohiyo.

Kabla hajaondoka aliangalia vioo. Kulia, kushoto. Hajawasha hata injini, anaangalia vioo vya kwenye gemu. Akatoa upepo wa breki, ile sauti ya psshh ikatoka kwenye spika, na nikaona uso wake umebadilika, sitasema zaidi ya hapo. Akaenda Manchester. Hakugusa kingo hata moja. Kwenye kila mteremko alirudisha gia mapema, na mimi nikamwambia mzee hii breki haichoki, akasema mlima unashuka na gia uliyopandia, ndo Kitonga tulivyoishuka miaka yote na ndo maana nipo hapa. Alipofika alitakiwa arudi kinyumenyume na tela mpaka kwenye mistari, kitu ambacho mi kwa kontrola nilikuwa naruka, kuna sehemu unaruhusiwa kuruka. Yeye akashusha mkono mmoja chini kabisa ya usukani, akawa anausogeza mkono upande anaotaka mkia wa tela uende, polepole, anasimama, anaangalia kioo, anasogeza tena. Mara moja tu, likaingia. Jaribio la kwanza, mtu ambaye hajawahi kumaliza hata dakika tano za gemu yoyote duniani.

Nilikaa kitandani nikamuangalia na nikaelewa kitu kuhusu nilichokinunua. Kontrola ni lugha ya watu tuliokulia kwenye vibanda, ni nzuri, ni ya haraka, lakini lazima uwe umezaliwa nayo. Usukani mzee hakuhitaji kufundishwa. Miaka thelathini na kitu ya mikono yake ilikuwa na pa kuingilia.

Wapo wa kwenda upande wa pili pia, kutoka kwenye gemu kuingia barabarani. Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza, alishinda mashindano ya GT Academy mwaka 2011 kupitia Gran Turismo, na 2013 alikuwa Le Mans yenyewe, zile mbio za magari za saa 24 huko Ufaransa, timu yake ikamaliza ya tatu kwenye kundi lao la LMP2. Sisemi ukinunua G29 utaenda Le Mans. Nasema mguu wa breki alioujenga sebuleni ulikuwa mguu wa kweli.

Baada ya mzee kuanza kukaa pale kila Jumapili kiti cha plastiki hakikufaa tena, mgongo wake haukitaki. Nikaenda Shaurimoyo pale Ilala nikapata siti ya Toyota IST, ya mbele kulia, ina reli zake chini za kusogeza mbele na nyuma, elfu themanini baada ya kubishana nusu saa. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu nikamchorea kwenye karatasi la daftari, bomba za mraba, sehemu ya kufunga usukani, sehemu ya pedeli yenye mwinamo, na kijimkono cha gia upande wa kushoto. Aliniuliza mara mbili kama hii gari itaenda wapi. Laki moja na ishirini pamoja na rangi. Pedeli hazikimbii tena, na hilo peke yake lilinipa karibu sekunde nzima pale Brands Hatch, kwa sababu huwezi kupima breki kwa mguu kama kinachokanyagwa kinatembea.

Kuna usukani wa bei mbaya zaidi, ile ambayo mota imeungwa moja kwa moja na mhimili hakuna gia wala mkanda katikati, na kuna pedeli za breki zinazopima nguvu unayosukuma badala ya umbali pedeli iliyoshuka. Nikipata hela nitaanza na pedeli, usukani baadaye, na hilo ndo nitakalomwambia yeyote anayeuliza. G29 ina gia za ndani zinagongana, usiku ukipiga kingo inasikika nyumba nzima kama mtu anatikisa kopo la misumari, mama ameshanigongea mlango mara kadhaa. Nimeizoea. Na kama we unacheza mpira muda mwingi na magari mara moja kwa wiki baki na kontrola yako, hela yako ifanye mengine. Huu mzigo unataka nafasi chumbani, unataka uufunge na kuufungua, na unataka ukubali mwezi mzima wa kuwa wa mwisho.

Mimi ilinichukua wiki tano. Siku ya Alhamisi, umeme umerudi saa tatu usiku, nimeingia Brands Hatch bila nia yoyote, mzunguko wa nne nikashuka Paddock vizuri, kisha kona zinazofuata: Druids nikaingia na breki bado ipo kidogo mguuni, Graham Hill nikakunja mara moja tu bila kusahihisha, Clearways nikasubiri, nikasubiri tena, mpaka usukani ulipoanza kunyooka wenyewe ndo nikakanyaga mafuta. Sekunde 59 na nukta sita. Nilikuwa peke yangu, nikapiga kofi kwenye siti ya IST.

Kontrola ipo kwenye droo, washkaji wakija wanaitumia. Sasa hivi naandika hii nimekaa kitandani kwa sababu siti ina mtu, ana mzigo wa Dover kwenda Edinburgh, na ameniambia nisimsemeshe anaingia kwenye mzunguko wa barabara na kuna basi kulia kwake.